Kuchagua ERP ya biashara Mwanza: mzigo kwanza, jina la programu baadae

Watu wengi wananiuliza ERP gani ni nzuri, hasa wenye maduka ya jumla hapa Mwanza na wale wa Geita na Musoma, na kila nikiulizwa nawarudishia swali, mzigo wako unaingiaje na unatokaje? Kuna wanaokasirika kabisa, wanataka jina tu wakanunue. Mi ni mhasibu wa kampuni ya familia, tuna duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini, matawi Igoma, Sengerema na Nansio kule kisiwani Ukerewe, alafu kuna stoo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, na kazi ya kusimamia uchaguzi wa mfumo nilipewa mimi. Naandika niliyoyaona maana hela za watu zinapotea sana kwenye hii kitu, na nyingi zinapotea mapema, siku ile mtu anapochagua aina ya mfumo bila kujua anachagua nini.

Kwa asiyeifahamu, ERP ni mfumo mmoja unaobeba stoo, manunuzi, mauzo, madeni, hesabu na hata mishahara kwa pamoja. Ukiuza bati Igoma stoo ya Igoma inapungua hapohapo, deni la fundi linaandikwa, na mhasibu mjini anaona bila kumpigia mtu simu. Asili yake ni viwandani, miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kutumia kompyuta kupiga hesabu za malighafi, SAP, kampuni ya kutengeneza hizi programu, ikaanzishwa Ujerumani 1972, na jina ERP lenyewe likaanza kutumika 1990 lilipotolewa na kampuni ya utafiti ya Gartner. Hii historia inakuhusu hata kama uko Kirumba, kwasababu mifumo mingi mpaka leo inafikiri kama kiwanda, unaingiza vipande vingi kinatoka kitu kimoja. Biashara nyingi za huku ziwani zinaenda kinyume chake, kinaingia kitu kimoja kinatoka vitu vitano. Nitalifikia.

Kabla ya mfumo tulikuwa na programu ya hesabu mjini, mashine ya EFD (ile ya kutoa risiti za TRA) kaunta, kaunta buku kila stoo, na grupu la WhatsApp ambalo matawi yote yalikuwa yanarusha picha za kurasa za daftari kila jioni. Mama mwenye biashara alikuwa anapiga simu usiku anauliza swali moja tu, "Mwanawane, nina hela au sina?" Na mi sikuwa na jibu la usiku huo, nilikuwa na jibu la wiki iliyopita. Benki inaonyesha kitu kimoja, Lipa Namba kitu kingine, mafundi wa Sengerema wanadaiwa, dagaa zimelipiwa visiwani hazijafika. Lile swali la Mama ndo lilikuwa kipimo changu kwa kila mfumo tuliouangalia, uniambie leo hii hela iko wapi na mzigo uko wapi, kama hauwezi hayo mengine mazuri hayatusaidii.

Sasa wauzaji wakaanza kuja. Kijana mmoja smati kabisa alikuja na laptopu na projekta, demo yake ilikuwa ya fulana, fulana nyekundu saizi M, fulana nyeusi saizi L, unauza inapungua, grafu inapanda. Watu wakapiga makofi. Nikamwambia sawa kaka, naomba tuweke nondo.

Nondo inanunuliwa kwa tani inauzwa kwa kipande. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, kipande cha mita 12 ni kama kilo 10.66, kwahiyo tani moja inatoa vipande 93 au 94 kama nondo imetimia unene. Zikiwa nyembamba kidogo tani hiyohiyo inatoa vipande vingi zaidi na bei ya kununulia kila kipande inabadilika. Alafu kuna mteja anakuja anataka nusu kipande, na ile nusu iliyobaki lazima ionekane stoo kama nusu, isipotee. Saruji ni rahisi, mfuko kilo 50, mifuko 20 ni tani, habari imeisha. Lakini nondo, bati, waya, mabomba, hivi vyote vinanunuliwa kwa kipimo kimoja na kuuzwa kwa kingine, na mfumo usiojua kubadili vipimo utakulazimisha kuwa na Excel pembeni, na siku unapofungua Excel pembeni ya ERP uliyoilipia ujue umenunua aina ambayo si yako. Yule kijana alihangaika kweli, mwisho akasema hiyo itaongezwa baadae kwa malipo ya ziada. Alikuwa muwazi, nilimshukuru, lakini tukaachana hapo.

Dagaa ndo zilinifundisha zaidi. Pale Mwaloni stoo yetu anaisimamia mzee mmoja tunamwita babu, amekaa na dagaa miaka mingi kuliko sisi wote. Gunia zinakuja kutoka Ukerewe, Ukara, Goziba, na hakuna gunia mbili zenye uzito sawa. Babu anapima moja moja, anaandika 45, 44 na nusu, 46, anachora mstari, anajumlisha. Zikikaa stoo zinaendelea kukauka kwahiyo uzito unashuka, na zikija kipindi cha mvua zina unyevu unashuka zaidi, ile 46 ukiipima siku ya kupakia kwenda Congo inaweza ikawa 44. Hakuna aliyeiba. Sasa demo ya pili nikaomba ifanyike palepale stoo, babu akae yeye kwenye kompyuta, mi nimwelekeze. Mfumo ukamtaka aandike idadi ya gunia, akaandika 10. Ukampa jibu, kilo 500. Maana waliuwekea kwamba gunia ni kilo 50. Babu akaangalia kioo, akaangalia daftari lake, akaniambia taratibu, "Mwalimu, hii mashine inadhani gunia zote ni sawa."

Hiyo sentensi ilinisaidia kuliko vipeperushi vyote vya wauzaji. Kuna mifumo inayoshika idadi na uzito kwa pamoja, kila gunia na namba yake ya loti, yaani namba ya kulifuatilia tangu linaingia mpaka linatoka, na kilo zake, na kuna mifumo inayojua idadi tu. Hizo ni aina mbili tofauti kabisa na kwenye tangazo zote zimeandikwa ERP. Pili, mfumo lazima uwe na sehemu ya kuandika upungufu wa asili wa uzito bila kuonekana kama wizi, ukiwa na sababu yake na aliyeidhinisha, vinginevyo mtunza stoo ataanza kuficha kilo za ziada ili siku ya kuhesabu ziwepo za kufidia, na hapo daftari la kweli linahamia kichwani kwake.

Alafu kuna ile ya kitu kimoja kutoka vitano. Sisi gunia tunalifungua, dagaa zinachambuliwa, nzima zinaenda kwenye pakiti, zilizovunjika zinaenda kwa watu wa chakula cha kuku, mchanga na taka vinatupwa. Gharama ya gunia moja inabidi igawanywe kwa hivyo vyote, na pakiti ibebe zaidi kuliko vumbi la kuku. Mwenzangu mmoja yuko kwenye biashara ya sangara, kwake ni kubwa zaidi, samaki mmoja anatoa minofu, mabondo (vile vifuko vya hewa vya tumboni), mapanki (mifupa inayobaki minofu ikishatolewa), vichwa, mafuta, na bei ya bondo na bei ya panki ni mbingu na ardhi. Ukichukua ERP iliyotengenezwa kwa mtu anayeunganisha meza na viti ukaiweka kwenye kiwanda cha samaki utapata hesabu inayoonyesha mabondo yamepatikana bure. Na juu ya hapo yeye ana mnunuzi wa Ulaya ambaye anaweza kuuliza boksi hili samaki wake waliingia lini na walitoka mwalo gani. Wazee wa Mwaloni wanakumbuka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, biashara ilivyolala, kwahiyo kwa mtu wa viwanda vya samaki kufuatilia loti kuanzia mwaloni mpaka kontena ni kufa na kupona. Huyo anahitaji ERP ya viwanda vya chakula, yenye kuvunja, kugawa gharama na kufuatilia loti. Mi wa nondo na dagaa nahitaji nyingine. Mwenye duka moja Nyamagana, keshia mmoja na stoo nyuma ya duka, huyo namwambia kabisa asinunue ERP, achukue mfumo mzuri wa kaunta uliounganishwa na stakabadhi za TRA, hela inayobaki aongeze mzigo.

Inshu ya TRA naomba isipitwe. Mashine za EFD zimeanza nchini 2010, na saizi kuna VFD ambayo ni programu, haina kimashine. Uliza mfumo unazungumza na VFD moja kwa moja au keshia ataandika mara mbili, mara ya kwanza kwenye ERP mara ya pili kwenye mashine? Akiandika mara mbili basi mwisho wa mwezi utakuwa na mauzo mawili tofauti na utatumia usiku mzima kutafuta tofauti ya shilingi elfu saba. Mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka unaingia VAT, asilimia 18, na bidhaa zako zote hazitozwi kwa namna moja, kwahiyo mfumo uwe unatenganisha kodi kwa bidhaa na sio kwa duka zima. Hii haitakiwi kuwa nyongeza ya baadae. Kama muuzaji anasema tutaunganisha tukishaanza, mwambie aunganishe kwanza, atoe stakabadhi moja ukiiona kwa macho, ndo mkae mezani.

Klaudi, yaani mfumo unakaa kwenye kompyuta za watu wengine unaufikia kwa intaneti, au sava yako mwenyewe, yaani kompyuta kuu inayokaa kwako, hapa watu wanabishana sana na kila mtu anatetea anachouza. Sisi Mei 2024 tulikuwa katikati ya majaribio ya mfumo wa klaudi pale Igoma, na mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini zikakatika, nchi nzima mtandao ukawa wa kuvizia. Foleni ya mafundi asubuhi, keshia amekaa anaangalia kiduara kinazunguka. Ikabidi arudi kwenye karatasi. Kuanzia hapo kwenye kila demo nilikuwa natembea mpaka kwenye ruta nachomoa waya wakati mtu anauza, nakaa kimya nasubiri. Kuna mifumo ilisimama palepale. Kuna mingine kaunta iliendelea kuuza, mauzo yanakaa kwenye kifaa, waya ukirudi yanapanda yenyewe. Ukiwa na tawi Nansio hiyo tofauti ni siku nzima ya mauzo.

Kwahiyo sava yako mwenyewe basi? Inategemea una nani. Sava inataka chumba chenye ubaridi, UPS, inveta, bakapu kila siku, na mtu anayejua kuirudisha hewani saa nne usiku. Umeme ukikatika mjini matawi yote matatu yanakuwa gizani hata kama kwao upo. Sikuona biashara ya ukubwa wetu hapa inayoweza kumlipa huyo mtu vizuri mwaka mzima. Tukaamua mfumo ukae klaudi, kaunta ziweze kuuza bila mtandao, kila tawi liwe na laini ya simu ya akiba pembeni ya intaneti kuu, na bakapu inashushwa kila usiku inakaa kwetu. Alafu pia kwenye klaudi uliza data inakaa wapi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023 na sisi tuna majina, namba za simu na madeni ya mamia ya mafundi mle ndani, sio vitu vya kuachia ovyo.

Bei. Mifumo mingi inalipiwa kwa kichwa, kila mtumiaji kwa mwezi. Inaonekana ndogo mpaka uhesabu watu. Kwetu kuna makeshia, watunza stoo, dereva anayethibitisha amepokea mzigo, Mama anayefungua mara moja jioni, meneja wa kila tawi. Mwenye ofisi moja na watu wachache wazuri anafaidika na malipo ya kwa kichwa, mwenye matawi mengi yenye watu wanaogusa mfumo dakika tano kwa siku anaumia. Hapo ndo tukaanza kuangalia mifumo huria, ambayo msimbo wake, yaani maandishi yaliyoitengeneza programu, uko wazi kwa kila mtu na hailipiwi laiseni. Odoo ya Ubelgiji ina toleo la jumuiya ambalo ni la bure na toleo la kulipia lenye vitu vingi zaidi, ERPNext ya India ni huria yote. Tuliangalia pia SAP Business One na Business Central ya Microsoft, ni mifumo mizito na imekamilika, ila kwa upana wa kazi yetu tungelipia vyumba vingi ambavyo hakuna mtu angelala. Tukachukua ERPNext kwenye sava ya kukodi, kwasababu ina loti, ina kubadili vipimo, ina muamala wa kufungasha upya ambao gunia linaingia na vinatoka vitu vitatu vyenye gharama tofauti, na watumiaji hawahesabiwi. Kaunta ya kuuza bila mtandao tuliitengenezea nyongeza.

Lakini bure ya laiseni isikudanganye ukadhani umemaliza, hela inaenda kwa mtu wa kuifunga, kuifundisha na kuitunza. Tulimlipa fundi vizuri na kwenye mkataba tukaandika vitu vitatu: neno la siri kuu liko kwa kampuni, kila alichobadilisha kimeandikwa, na tukiachana anatukabidhi data yote kwenye mafaili tunayoweza kuyafungua wenyewe. Kuna jamaa zetu wa biashara nyingine walitengenezewa mfumo wao na kijana mmoja, mzuri sana, unafanana na kazi yao kama umeshonwa, kijana akapata kazi Dar na funguo akaondoka nazo. Walikaa miezi wanauza kwenye mfumo ambao hawawezi kubadili hata bei ya bidhaa mpya. Mfumo wa kutengenezewa ni aina halali kabisa, ila uchukue kama una uhakika kuna zaidi ya mtu mmoja anayeujua kwa ndani.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa majina ya bidhaa, na hakuna muuzaji aliyeitaja. Bati moja la geji 28 lilikuwa na majina manne, Igoma wanaandika "bati 28", Sengerema "G28 mita tatu", mjini "msauzi 28", Nansio wanaandika bei tu. Ukimwaga hiyo kwenye ERP unapata bati nne tofauti ambazo tatu zina stoo hasi. Nilikaa na kila mtunza stoo, tunashika bidhaa kwa mkono, tunakubaliana jina moja, tunapima, tunaandika. Kama unapanga bajeti ya muda, weka muda mwingi hapa na mchache kwenye demo. Na wahusishe watunza stoo tangu siku ya kwanza, wana hofu ya kweli kwamba mashine imekuja kuwakamata au kuwaondoa, inabidi mwenye biashara aseme mwenyewe mbele ya wote. Mama alifanya hivyo, alikwenda Mwaloni akamwambia babu kazi yake iko palepale na kwamba mfumo unahitaji mizani yake. Babu akajibu wabheja, yaani asante kwa Kisukuma, na siku hizi ndo anawafundisha vijana wapya kuingiza loti.

Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi likafunguliwa. Kabla ya hapo lori la Sengerema lilikuwa linategemea kivuko, kwahiyo tulikuwa tunarundika saruji na bati nyingi kule, mtaji umelala. Baada ya daraja lori linavuka kwa dakika chache, hatukuwa na sababu ya kurundika. Nikaingia kwenye mfumo nikashusha kiwango cha kuagizia upya cha Sengerema, bidhaa kwa bidhaa, mwenyewe, bila kumpigia fundi simu, na mtaji uliokuwa umelala kule tukauhamishia kwenye dagaa. Nansio tukaiacha ilivyo maana kule bado ni maji. Hii waulize wauzaji wote, nani anaweza kubadili hizi kanuni, mimi au wewe? Na bei gani kila nikitaka kubadili?

Mishahara hatujaingiza mpaka leo, makato na michango yake, PAYE, NSSF, SDL na WCF, bado napiga Excel kila mwezi. Tuliamua kwa makusudi tuanze na stoo na mauzo, watu wazoee, alafu madeni, alafu hesabu kuu, na kila hatua hatuanzi mpaka hesabu ya mkono na ya mfumo zikubaliane matawi yote. Nansio ndo wamemaliza kukubaliana mwezi uliopita, kwahiyo mishahara inafuata, na nikishaona slipu ya kwanza imetoka sawa nitaandika nayo ilivyokwenda.